Kuchagua Mahali pa Duka la Bunduki na Uwanja wa Shabaha: Mwongozo Unaopimwa kwa Kibumba

Biashara ya kuuza bunduki na kuendesha uwanja wa shabaha ni miongoni mwa biashara chache ambazo eneo lake huamua faida ya mwenye mtaji na pia usalama wa watu ambao hawatakanyaga kamwe mlangoni pake. Duka la bunduki, kwa maana inayotumika katika mwongozo huu, ni mahali palipoandikishwa na serikali ambapo mfanyabiashara mwenye leseni huhifadhi na kuuza silaha ndogo za kiraia pamoja na risasi zake, na pengine kuzipokea kwa matengenezo. Uwanja wa shabaha ni eneo lililotengwa na kukaguliwa ambapo wenye vibali hujifunza kulenga chini ya uangalizi wa msimamizi.

Wawekezaji wengi huanza kwa kuuliza wateja wako wapi na kodi ya pango ni kiasi gani. Mpangilio unaopendekezwa hapa ni mwingine: mamlaka ya kisheria iangaliwe kwanza, kisha watu wanaoishi karibu, kisha ardhi yenyewe, kisha ulinzi wa ghala na barabara, na soko lije mwisho. Kila hatua inapimwa kwa Kibumba, eneo la vijiji vya wakulima lililo kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, takriban kilomita 20 kaskazini mwa Goma, katika wilaya ya Nyiragongo mkoani Kivu Kaskazini. Kibumba inafaa kuwa kipimo kwa sababu mambo ambayo katika vitongoji tulivu vya Nairobi au Arusha hujificha nyuma ya kuta na makaratasi, huko yako wazi.

Hatua ya kwanza: mamlaka

Leseni ya silaha ni makubaliano ya pande mbili, ambapo mwenye duka hukubali kukaguliwa na serikali hukubali kukagua. Upande mmoja ukikosekana, karatasi hubaki lakini leseni haipo. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kiwanja chochote ni hili: ni nani mwenye uwezo wa kisheria na wa kivitendo wa kuingia dukani humo siku yoyote, kuhesabu bunduki na kulinganisha namba zake na daftari?

Nchini Kenya jibu linapatikana katika Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, ambayo chini yake Bodi ya Leseni za Silaha za Moto hutoa na kufuta leseni, na mfanyabiashara huandikishwa pamoja na mahali pake pa biashara, hivyo kwamba anayehamisha duka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine hana budi kurudi kwenye mamlaka hiyo kabla ya kuhamisha hata sanduku moja la risasi. Nchini Tanzania msingi ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na usimamizi wa kila siku umo mikononi mwa Jeshi la Polisi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo sheria ya msingi ni amri yenye nguvu ya sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inayoweka umiliki na biashara ya silaha chini ya idhini ya serikali. Juu ya sheria hizi za nchi ipo Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Kongo ikiwemo, ambayo inazitaka nchi hizo kuhakikisha kwamba kila silaha inatiwa alama ya utambulisho na kwamba raia hawamiliki bunduki za rashasha. Anayepanga duka anapaswa kujua tangu mwanzo kwamba bidhaa zake zitakuwa chache kuliko picha za madukani Marekani zinavyoweza kumfanya atarajie.

Kibumba inakwama katika hatua hii ya kwanza. Waasi wa M23 waliishika katika vita vya 2012 na 2013, jeshi la taifa likairudisha mwezi Oktoba 2013, kisha M23 wakaichukua tena mwishoni mwa 2022. Tarehe 23 Desemba mwaka huohuo walitangaza kwamba wanaikabidhi kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kikosi ambacho kiliondoka Kongo mwezi Desemba 2023. Mkoa wenyewe uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, yaani hali ya kuzingirwa, tangu tarehe 6 Mei 2021, na mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma ukaangukia mikononi mwa M23. Katika mfululizo huo, ofisi ambayo ingepokea ombi la leseni, ofisi ambayo ingekagua daftari na mahakama ambayo ingesikiliza rufaa hazikuwahi kukaa kwa utulivu chini ya mamlaka moja kwa muda ambao biashara inauhitaji.

Lipo pia zuio la kimataifa. Azimio namba 1493 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 28 Julai 2003, lilipiga marufuku kupeleka silaha kwa makundi yenye silaha ya Kivu na Ituri, na azimio namba 1807 la mwaka 2008 liliendeleza vikwazo hivyo dhidi ya watu na makundi yasiyo ya serikali. Mfanyabiashara anayefungua duka katika ardhi inayoshikwa na kundi la namna hiyo anajitia mwenyewe katika hatari ya kuwekewa vikwazo, hata kama nia yake ilikuwa kuwauzia wakulima bunduki za kufukuzia wanyama waharibifu. Kanuni inayotokana na hayo ni nyepesi kukumbuka: pasipo na mamlaka moja inayotambuliwa, pasinunuliwe kiwanja.

Hatua ya pili: watu wanaoishi karibu

Mahali panapofaa kwa duka ni pale ambapo jirani anajua kilichomo, amekubali, na ana njia ya kulalamika inayosikilizwa. Shule, zahanati, nyumba za ibada, vituo vya mabasi, baa na masoko ya wazi ni majirani wasiofaa, kwa sababu mikusanyiko ya watu humzuia mlinzi kutofautisha mpita njia na mtu anayepeleleza, na kwa sababu kosa moja huwadhuru wengi. Kituo cha polisi chenye nidhamu, kwa upande mwingine, ni jirani mwema.

Afrika Mashariki imekwisha kupata somo chungu kuhusu ghala za silaha zilizozungukwa na makazi. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la jeshi la Mbagala, Dar es Salaam, lililipuka, na tarehe 16 Februari 2011 yakafuata maghala ya Gongo la Mboto katika jiji hilohilo. Kila mara watu zaidi ya ishirini walipoteza maisha na maelfu walikimbia nyumba zao. Ni kweli kwamba risasi za silaha ndogo zilizo katika masanduku yake hazilipuki zote kwa pamoja kama mabomu ya jeshi, lakini hufyatuka ovyo katika moto, na baruti huwaka kwa kasi kubwa, hivyo kwamba zimamoto hulazimika kukaa mbali wakati nyumba za jirani zinateketea. Umbali kati ya ghala na nyumba ya mtu ni kinga ambayo haiharibiki na haihitaji umeme.

Kwa Kibumba suala la majirani lina uzito wa pekee. Mwaka 1994 eneo hilo lilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Rwanda takriban laki mbili, ambamo kipindupindu kiliua watu wengi, na mwezi Oktoba 1996 kambi hiyo ilishambuliwa na wakazi wake wakakimbilia kambi ya Mugunga. Mwishoni mwa 2022 ilikuwa zamu ya wenyeji wenyewe kuhama, wakalala chini ya maturubai huko Kanyaruchinya, karibu na Goma. Mtoto aliyekulia katika historia hiyo hawezi kusikia mlio wa bunduki kama mchezo wa Jumapili, wala mama aliye shambani hana namna ya kujua kama milio inayotoka nyuma ya kilima ni mazoezi au ni vita vimerudi. Uwanja wa shabaha mahali kama hapo ungewaondolea watu uwezo wa kutambua hatari mapema, na hasara hiyo haina fidia.

Hatua ya tatu: ardhi ya uwanja

Mahali penye mamlaka thabiti na majirani walioridhia, ndipo ardhi huchunguzwa, na mambo matano hutazamwa: haki ya umiliki, umbali wa hatari, aina ya udongo, maji, na sauti.

*Haki ya umiliki.* Nchini Kongo, kwa sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya dola, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Mgeni hupewa haki ya muda usiozidi miaka 25, inayoweza kuongezwa, ilhali haki ya kudumu ni ya raia peke yao. Sambamba na sheria hiyo, vijijini ardhi hugawiwa na wakuu wa kimila, ambao kwa Kibumba ni wale wa utawala wa Bukumu, na mara nyingi kiwanja kimoja huwa na karatasi ya dola mkononi mwa mmoja na shamba la viazi la mwingine. Upande mmoja wa Kibumba unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1979, na mpaka wake umezua migogoro ya muda mrefu. Kiwanja chenye mgogoro hakifai kwa biashara yoyote, na hakifai hata kidogo kwa biashara ambayo ndani yake kuna silaha.

*Umbali wa hatari.* Eneo la hatari ni sehemu yote ambayo risasi inaweza kufika ikikosa kila kizuizi. Risasi ndogo ya milimita 5.6, ambayo wanafunzi wengi huanzia nayo, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu, na ile ya raifali yenye nguvu inaweza kufikia takriban kilomita nne. Msomaji atazame ramani na kuchora mstari wa urefu huo kutoka mahali pa kufyatulia: kama mstari unakata barabara, kijiji, shamba linalolimwa au njia ya mifugo, basi uwanja huo utategemea tuta na kuta kwa asilimia mia moja, na gharama za ujenzi zitapanda ipasavyo. Mjini ni heri kuwa na uwanja wa ndani wenye kuta za zege kuliko wa wazi. Mwelekeo nao una maana yake: Kibumba iko chini ya nyuzi mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi mwaka mzima, na mlengaji anayetazama upande wowote kati ya hizo hupigwa na mwanga machoni asubuhi au jioni. Uwanja wa ukanda huu uelekezwe kaskazini au kusini.

*Udongo.* Nyuma ya shabaha hujengwa tuta la kuzuia risasi, yaani kilima cha udongo laini au mchanga, chenye kimo cha mita kadhaa, ambacho hupokea risasi na kuizika. Adui wa tuta ni jiwe, kwa kuwa risasi inayogonga jiwe hudunda na kwenda pasipotarajiwa, au hupasuka na kurusha vipande nyuma kwa mlengaji. Ardhi ya Kibumba ni ya volkano: chini ya tabaka la udongo mweusi wenye rutuba kuna mawe ya lava, yaleyale ambayo wakazi wa Goma hujengea kuta na ambayo mwaka 1994 yaliwashinda wafanyakazi wa misaada waliotaka kuchimba vyoo kambini. Tuta la huko lingehitaji udongo wa kuchekechwa au mchanga wa kuletwa kwa lori, na sakafu yote kati ya mlengaji na shabaha ingehitaji kufunikwa. Aidha, ardhi iliyopiganiwa mara nyingi huwa na mabomu na makombora ambayo hayajalipuka, hivyo haifai kuchimbwa wala kusawazishwa kabla wataalamu wa kutegua hawajaipitia.

*Maji na madini ya risasi.* Risasi nyingi zina kiini cha madini ya risasi, metali nzito yenye sumu ambayo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, haina kiwango kinachojulikana kuwa salama mwilini, na ambayo hudhuru zaidi ubongo wa watoto. Wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa, waliodhuriwa na sumu hiyo kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walitunukiwa na mahakama fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020. Mwenye uwanja wa shabaha anayepuuza madini yanayorundikana kwenye tuta lake asidhani kwamba sheria haitamfikia. Mahali panapofaa ni mbali na visima, vijito na mabonde yanayopeleka maji ya mvua mashambani, penye udongo usio na tindikali, na penye nafasi ya kuchekecha tuta kila baada ya muda ili kuyaondoa madini hayo. Kibumba haina mito ya juu ya ardhi, kwa sababu mvua huzama upesi katika nyufa za lava, na familia hukinga maji ya paa la mabati katika mapipa au huyanunua kwa bidoni zinazobebwa kwa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili unaoteremsha kabichi, karoti na viazi hadi Goma. Ardhi inayopitisha maji kwa haraka namna hiyo haichuji sumu, na paa linalokinga maji ya kunywa halipaswi kupata vumbi la uwanja wa shabaha. Sheria za mazingira za Kongo ya mwaka 2011, Kenya ya mwaka 1999 na Tanzania ya mwaka 2004 zote zimeweka utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini hiyo ifanywe kabla ya kiwanja kulipiwa.

*Sauti.* Mlio wa bunduki karibu na sikio huzidi desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu usikivu kwa mlio mmoja, na hupungua kwa takriban desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu. Vilima na misitu husaidia, lakini bonde lenye kuta za mawe hurudisha mwangwi. Njia ya kuaminika ni kupima: fundi mwenye kipimo cha sauti asimame kwenye nyumba ya karibu zaidi wakati wa majaribio yenye kibali, asubuhi tulivu isiyo na upepo, na matokeo yake yaonyeshwe kwa majirani wenyewe.

Hatua ya nne: ghala na barabara

Chumba cha kuhifadhia silaha kinapaswa kuwa ndani ya jengo, kisipakane na ukuta wa jirani wala barabara, kiwe na kuta na dari ya zege, mlango wa chuma wenye kufuli mbili zinazoshikwa na watu wawili tofauti, na risasi ziwekwe mbali na bunduki. Jengo la kupanga lenye dari ya mbao inayoshirikiwa na maduka mengine halifai, hata kama liko barabara kuu na kodi yake ni nafuu, kwa kuwa mwizi hupitia darini.

Radi isisahauliwe. Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi duniani. Popote katika ukanda wa Maziwa Makuu, jengo la namna hii linahitaji kinga ya radi iliyozikwa na kupimwa na fundi umeme, na kwenye ardhi ya lava, ambayo haipitishi umeme kwa urahisi, kazi hiyo ni ngumu na ya gharama. Kibumba ina jambo jingine la kuzingatia: iko jirani na mlima Nyiragongo, uliolipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, watu wakakimbia ndani ya saa chache. Duka la nguo likiachwa wazi kwa siku tatu, hasara ni ya mwenyewe. Duka la bunduki likiachwa wazi kwa siku tatu, hasara ni ya mkoa mzima.

Barabara nayo ni sehemu ya ghala, kwa maana shehena inapokuwa njiani ndipo inapokuwa dhaifu zaidi. Tarehe 22 Februari 2021, kwenye barabara hiyohiyo ya Goma kwenda Rutshuru, karibu na Kibumba, balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa pamoja na mlinzi wake na dereva wao Mkongomani, katika msafara wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Barabara ambayo msafara wa balozi haukupita salama haiwezi kupitisha masanduku ya risasi.

Hatua ya tano: soko

Soko halali la duka la bunduki ni idadi ya watu wenye vibali, wala si idadi ya watu wenye hofu. Mwekezaji anapaswa kuuliza ni sababu zipi za kumiliki silaha zinazokubaliwa na sheria ya nchi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, hivyo wateja wake ni wanamichezo wa shabaha na watu waliopewa vibali vya kujilinda, ambao wengi wako Nairobi na vitongoji vyake. Ndiyo maana uwanja wa Kirigiti, Kiambu, ambao hutumiwa na chama cha wamiliki wa bunduki, una wanachama wa kuuendesha. Tanzania bado ina uwindaji wa kitalii, na Arusha, penye kampuni za uwindaji na mafundi wanaozihudumia, ina mahitaji ya aina nyingine. Palipo na vibali vichache, duka halitaweza kulipa gharama za chumba cha zege, walinzi na ukaguzi, na duka lisiloweza kulipa gharama hizo ndilo linaloshawishika kuuza kwa mlango wa nyuma.

Kwa Kibumba soko hilo halipo. Uwindaji katika hifadhi ni marufuku, wakulima wengi hulima vishamba vidogo, na mahitaji makubwa ya silaha yanatoka kwa makundi ambayo sheria inakataza kuyauzia. Wingi wa bunduki katika eneo usichukuliwe kuwa dalili ya soko, kwani bunduki zilizoingia kwa vita hazihitaji duka. Zinahitaji kukusanywa, na kazi hiyo imekabidhiwa mpango wa taifa wa kuwapokonya silaha wapiganaji na kuwarudisha katika jamii, ulioundwa mwezi Julai 2021.

Utaratibu wa malipo

Kutokana na hatua hizo, Kibumba haifai kwa duka la bunduki wala uwanja wa shabaha, na haitafaa hadi pale mamlaka moja inayotambuliwa itakapoweza kukagua, barabara itakapokuwa salama, na wenyeji watakapoulizwa wakiwa majumbani mwao. Mwenye mtaji anayependa eneo hilo atapata kazi yenye faida zaidi katika ghala la viazi vya mbegu au matangi ya kukinga mvua. Anayetaka biashara ya silaha atafute nchi na mji ambapo majibu ya hatua ya kwanza na ya pili yanapatikana kwa maandishi.

Huko nako, fedha zitolewe kwa mpangilio uleule wa hatua. Malipo ya kwanza yawe ya wakili wa kuthibitisha sheria na mamlaka. Ya pili yawe ya mikutano na majirani, ikiandikwa na kutiwa saini. Ya tatu yawe ya mpima ardhi, mtaalamu wa udongo na maji, na fundi wa kupima sauti. Ya nne yawe ya mkaguzi wa jengo na ulinzi. Kiwanja kilipiwe mwisho, na mkataba wake uwe na kifungu kinachorudisha fedha endapo leseni itakataliwa. Anayefuata mpangilio huu na kukutana na jibu la hapana katika hatua yoyote atakuwa amepoteza ada chache tu, na majirani ambao hajawahi kuwafahamu watakuwa hawajapoteza chochote.